Darasa la kutuliza akili pale Katubuka: maoni ya fundi cherehani aliyemaliza wiki zote 8

Nashonea kwenye baraza ya duka la vitenge karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma, na wengi wanaonifahamu wananiita Fundi, basi. Tangu majirani wajue kwamba Jumamosi nafunga cherehani mapema na kupanda bajaji kwenda Katubuka kwenye darasa la kutuliza akili, maswali hayaishi. Ada ni kiasi gani? Ile ni dini gani? Mnakaa mmefumba macho, halafu iweje? Mzunguko wetu umekwisha na mwingine unaandaliwa, kwa hiyo nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Linafaa. Nasema hivyo kwa sababu moja kubwa: linafundisha zoezi unaloweza kulifanya ukiwa kazini, mguu uko kwenye pedali na mteja amesimama mbele yako anadai nguo yake. Lingenifundisha kutulia nikiwa nimelala chini tu, ningelisifu kidogo na kuliacha. Sishindi kwenye mkeka mimi. Nashinda kwenye kiti cha cherehani, na ndiko presha inakonipandia.

Kwanza mambo yenyewe yalivyo. Mwalimu ni nesi mstaafu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Sista, na darasa liko nyumbani kwake: chumba cha mbele chenye mikeka, viti vichache vya plastiki kwa wenye magoti mabovu, na ua wenye mwembe mkubwa. Tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri, kikao kinachukua muda wa saa mbili hivi, kwa wiki 8. Ada ni shilingi 40,000 kwa mzunguko mzima na anaipokea kwa mafungu. Mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa Kibirizi alikuwa akilipa 5,000 kila akija, na hakuna aliyemtazama vibaya. Ndani ya ada hiyo kuna karatasi za mazoezi, sauti alizorekodi Sista mwenyewe ambazo anatutumia kwa WhatsApp, na chai ya tangawizi. Khanga au shuka ya kujifunika unabeba yako. Wenzangu walikuwa walimu wa sekondari, dereva wa hiace za Kasulu, mama wa mawese, kijana wa chuo, mchanganyiko wa watu ambao mjini mngepishana bila hata salamu.

Mimi nilielekezwa huko na zahanati. Presha yangu ilikuwa inasoma 150 na kitu kwa 90 na kitu kila nikipimwa, nikaanzishiwa vidonge vya amlodipine, na mhudumu aliyenipima akauliza nalala saa ngapi. Ilikuwa msimu wa Iddi. Asiyewahi kushona msimu wa Iddi sijui nimweleze vipi. Kanzu, madera, magauni ya watoto, vitambaa vimejaa mpaka kwenye viroba chini ya meza. Simu inalia, umeme unakatika overlock ikiwa katikati ya mshono, kijana amekata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mwenye kitambaa anakuja jioni ile ile. Unalala saa nane usiku, Alfajiri uko macho. Chakula ni chai na andazi juu ya meza ya kukatia. Yule mhudumu akaniambia vidonge nimeze kila siku, chumvi nipunguze, nitembee kwa miguu, na haya mawazo niyatafutie mahali pa kwenda. Ndiye aliyenipa namba ya Sista.

Kikao cha kwanza Sista alianza kwa kutuambia asichoahidi. Darasa halilipi deni. Halimrudishi mume aliyeondoka. Halichukui nafasi ya dawa, na mwenye dawa aendelee nazo kama alivyoandikiwa. Nilimwamini kuanzia hapo, maana hapa mjini tumeshauziwa vichupa vya kutibu maradhi yote kwa wakati mmoja.

Akatueleza na yalikotoka mazoezi yenyewe. Mizizi yake ni tafakuri za Wabudha, za karne nyingi nyuma. Mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, mtu aliyesomea baiolojia ya molekuli, aliyaingiza hospitalini kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambao tiba ya kawaida ilikuwa imefika mwisho kwao. Aliyatoa kwenye ibada akayapanga kuwa kozi ya wiki 8. Sista anafuata muundo huo lakini ameupunguza ili utoshe maisha yetu. Kule mtu anatakiwa kufanya zoezi nyumbani karibu dakika 45 kwa siku. Sista anaomba dakika 15, alfajiri au kabla ya kulala, na anakuuliza Jumamosi kama umezifanya.

Kule huanza na zabibu kavu moja. Sista alitugawia tende, moja moja, akatuambia tusile. Tuitazame kwanza. Tuigeuze. Tuinuse. Tuiweke juu ya ulimi bila kuitafuna, tungoje tuone mdomo unafanya nini wenyewe. Nimekula tende tangu utoto, kila Ramadhani, na sikuwa nimewahi kuona jinsi ile mikunjo ya ngozi yake inavyoshika mwanga, wala kuhisi mate yanavyojaa kabla jino halijagusa kitu. Yule mama wa Kibirizi alisema, "Sista, mimi dagaa nawachagua kwa pua na kwa vidole kila siku. Hii kazi ninayo." Sista akamjibu, "Basi mama, wewe umetutangulia." Nilifurahi kuona mwalimu anayejua kwamba wanafunzi wake wamekuja na ujuzi wao.

Zoezi la kuukagua mwili ndilo linalowashangaza wageni. Mnalala chali kwenye mikeka, Sista anaongoza kwa sauti ya chini kuanzia vidole vya mguu wa kushoto, kisha wayo, kifundo, muundi, anapanda hivyo hivyo mpaka utosini. Hubadilishi kitu. Unapeleka fahamu pale na kuona kilichopo: joto, mkazo, ganzi, au hakuna kitu. Mawazo yakikuchukua, na yatakuchukua, unarudi kwenye kiungo mlichofikia bila kujigombeza. Wengine walilala wakakoroma, dereva wa Kasulu hasa, na Sista akasema aachwe, mwili wake unadai usingizi.

Mimi hapo chini sikuona la ajabu. La ajabu nililiona Jumatatu, nikiwa natia zipu kwenye gauni la hariri. Mabega yangu yalikuwa yamepanda karibu na masikio, meno yamebanana, na pumzi nimeishika tangu sindano ilipoingia kwenye kitambaa. Nikashusha mabega. Nilipofika kwenye kola ya shati lililofuata, yamepanda tena. Nikaanza kuchunguza siku nzima na kugundua kwamba kila mshono mgumu naushona bila kupumua. Miaka yote hii mgongo unaniuma nikidhani ni kiti. Msongo wa mawazo kwangu umekuwa ule uzi wa bobini uliosokotana chini ya kitambaa: juu mshono umenyooka na mteja anausifu, ukigeuza upande wa pili ndipo unaona fundo.

Sista alitueleza pia mwili unavyofanya kazi, na kwa kuwa ni nesi alieleza vizuri. Ukihisi kutishiwa, mwili unamwaga adrenalini na kortisoli, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli. Kwa dakika chache hiyo ni msaada. Tatizo ni pale hali hiyo inapokaa kutwa, na kesho, na keshokutwa. Halafu akatufanya tushike mshipa wa mkononi, tuvute pumzi, kisha tuitoe taratibu. Jaribu na wewe unayesoma. Wakati wa kuvuta, mapigo yanaongeza kasi kidogo; wakati wa kutoa yanapungua, kwa sababu ya neva iitwayo vagus inayotoka kwenye ubongo mpaka kwenye moyo na tumbo. Ndiyo maana anasisitiza kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Nililihisi kwa vidole vyangu mwenyewe, na tangu hapo sikuhitaji kushawishiwa.

Sasa nije kwenye kazi, maana huko ndiko darasa lilikoniingia.

Wiki ya tatu tulipewa zoezi dogo la kubeba, la dakika tatu hivi. Sista alisema liliongezwa na wataalamu waliotengeneza kozi ya namna hii kwa ajili ya watu wanaorudiwa na sonona mara kwa mara. Lina sehemu tatu. Kwanza unajiuliza nini kiko ndani yako sasa hivi: wazo gani, hisia gani, mwili unasemaje. Kisha unaikusanya fahamu yote kwenye pumzi. Mwisho unaipanua tena mpaka mwili mzima, nyayo kwenye sakafu, makalio kwenye kiti, ndipo unaendelea na ulichokuwa unafanya. Ukilizoea unaweza kulifupisha likatosha ndani ya pumzi chache, huku macho yako wazi, na mtu aliye mbele yako asijue.

Kila fundi anaijua kauli ya "njoo kesho". Mteja anafika, nguo yake haijakatwa, uso wake umekunjamana, fundi anasema njoo kesho. Wateja wamezoea, mpaka wanatutania nayo. Nilikuwa naichukulia kuwa ni desturi ya kazi yetu. Baada ya wiki kadhaa za lile zoezi nikaanza kuona inapotoka. Inatoka kifuani. Mteja akisimama pale, joto linapanda shingoni, taya linakaza, na ndani yangu kuna kitu kinachotaka yule mtu aondoke, hata kwa saa moja. "Njoo kesho" inamwondoa. Joto linashuka papo hapo. Lakini kesho yake wanakuja watatu niliowaambia vile vile, na usiku wa katikati silali. Maana yake dawa niliyokuwa naitumia kupunguza msongo wa leo ndiyo iliyokuwa inapika msongo wa kesho, na nisingeliona hilo kama nisingejifunza kulitazama lile joto la shingoni bila kulikimbia.

Alhamisi moja alikuja mama mmoja wa Gungu aliyekuwa ameleta vitenge vya sare za harusi ya mdogo wake, magauni saba. Aliona vitenge vyake vimekunjwa vile vile alivyoviacha.

"Fundi! Harusi Jumamosi, na wewe hata mkasi hujautia!"

"Kweli mama. Naomba unipe nafasi kidogo nikujibu vizuri."

Nikatoa miguu kwenye pedali nikaiweka chini. Nikaona joto linapanda. Nikaona na ile kauli imeshafika mdomoni, iko tayari. Nikatoa pumzi ndefu, moja, mbili. Kisha nikamwambia, "Manne nitakukabidhi kesho baada ya Magharibi. Matatu sitayawahi, nisikudanganye. Nitayapeleka kwa fundi mwenzangu hapo jirani kwa vipimo vyangu, na utayaona kabla hujayachukua."

Hakufurahi. Alikaa kwenye benchi, akanyamaza, akasema, "Basi niandikie." Nikamwandikia kwenye karatasi, magauni mangapi, siku gani, saa ngapi. Ijumaa akaja akachukua manne, na matatu aliyakuta kwa jirani. Tangu siku hiyo nina daftari lenye tarehe za kweli, na msimu ukijaa nasema umejaa. Kuna wateja wameniacha kwa sababu hiyo, wamekwenda kwa anayewaambia kesho. Lakini nalala, na nikiwa mezani na wanangu nawasikia wanachoniambia.

Presha sasa inasoma 130 na kitu kwa 80 na kitu. Sitalipa darasa peke yake sifa hiyo. Vidonge nameza, chumvi nimepunguza, jioni natembea kwa miguu kurudi nyumbani badala ya kupanda bodaboda, na usingizi umerudi. Vyote vimekuja pamoja, siwezi kuvitenganisha.

Kuhusu dini, hili naliandika kwa heshima kwa sababu aliyeniuliza ni mzee wangu wa Ujiji ninayemheshimu sana. Mimi ni Mwislamu, Sista ni Mkristo, na darasani tulikuwa mchanganyiko. Hakuna sanamu, hakuna jina linalotajwa tajwa, hakuna wimbo wa dini yoyote. Unazingatia pumzi, miguu, sauti unazozisikia. Sista mwenyewe alisema wazi asili yake ni wapi, hakuficha, na akasema mwenye wasiwasi akamuulize shehe wake au mchungaji wake kabla hajalipa. Nilikwenda kuuliza, nikaridhika. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba nikisimama kwenye sala sasa, oda za dukani hazinifuati mpaka kwenye rakaa ya mwisho kama zamani. Naona zinakuja, naziacha, narudi kwa ninachokisoma.

Binti yangu anasoma uuguzi, na yeye si mtu wa kukubali jambo kwa sababu baba yake amelipenda. Akanitafutia tafiti. Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515 na kuona kwamba mazoezi ya namna hii yanapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini hawakuona kwamba yanashinda dawa wala mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 ukatoka mwingine: watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi waligawanywa, wengine wakapewa kozi ile ya wiki 8 na wengine dawa ya escitalopram, na matokeo yakakaribiana. Mimi nimeridhika na picha hiyo. Kitu chenye msaada wa kiasi, kinachoweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mapafu, kwangu ni kikubwa.

Uliompendeza Sista zaidi ni ule wa Uganda, nami pia. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kupunguza msongo unaotumia sauti zilizorekodiwa na kijitabu cha michoro, vikao 5 tu, na ulijaribiwa kwa wanawake 694, wakimbizi wa Sudan Kusini walioko kambi ya Rhino. Dhiki yao ilipungua, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Mkoa wetu una kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ina watu waliopitia mambo ambayo sisi wa mjini hatuwezi kuyataja bila kunyamaza kwanza, na kusikia kwamba njia nyepesi ya namna hii iliwafaa akina mama wa hali hiyo kumenipa heshima kubwa kwa mazoezi haya. Sista amechukua humo zoezi la kukanyaga ardhi, na siku ya Bangwe tuliona kazi yake.

Hiyo siku ya Bangwe ni nusu siku ya ukimya, wiki ya sita. Kule yalikoanzia ni siku nzima. Tulifika ufukweni asubuhi, simu zikakusanywa kwenye kikapu, na hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka adhuhuri. Ilikuwa imenyesha usiku, hewa imetakata, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo safi kabisa. Tulitembea polepole mno juu ya mchanga, kisigino, wayo, vidole, kwenda na kurudi, kisha tukakaa kuyatazama maji. Ziwa hili la Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470 na tumezaliwa kando yake, lakini nani kati yetu huwa anakaa kulitazama bila shughuli? Saa ya kwanza nilikuwa nahesabu vifungo vya oda za watu. Baadaye vifungo vikaisha. Sitaeleza zaidi, kila mmoja aliondoka na lake.

Mwenzetu mmoja alianza kulia, akashindwa kuacha. Sista alimwendea, akamwambia afumbue macho, akanyage mchanga kwa nguvu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu anavyoviona mbele yake kimoja kimoja. Mtumbwi. Jiwe. Kofia ya mtoto. Akampa maji anywe. Taratibu akarudi. Yaliyomliza ni yake na sitayaandika. Lakini watu wajue: ukimya unafukua. Kama umepitia vita, kufiwa vibaya, kushambuliwa, au uliwahi kuugua akili, mwambie Sista kabla ya wiki ya kwanza, na pengine uanze na mtaalamu hospitalini. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo, na nimemwambia ana kwa ana: mwalimu mmoja hatoshi siku kama ile. Wakati anamhudumia huyo, sisi wengine tulibaki bila mtu, na tungeweza kuwa wawili au watatu wenye hali hiyo. Amekubali kutafuta msaidizi.

Lawama ya pili ni karatasi. Zimetafsiriwa na mtu asiyeijua Kigoma. Mifano ni ya kukwama kwenye foleni ya magari na kupokea barua pepe za bosi. Kwa mama wa dagaa, msongo ni siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi haiingii ziwani, au mwaka ule wa 2024 ziwa lilipofungwa kuvuliwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti na marejesho ya mkopo yakawa hayakufungwa. Kwa fundi ni Iddi na Krismasi. Darasani Sista anatumia mifano hiyo na watu wanaelewa mara moja. Kwenye karatasi haimo. Aziandike upya, nimejitolea kumsaidia.

Sauti alizorekodi ni nzuri, anaongea Kiswahili cha nyumbani, hakimbilii maneno. Ila zile za nusu saa ni nzito kwa bando la kawaida, na ile ya kulala ina filimbi kwa nyuma ambayo mimi inaniamsha. Vikao vinachelewa kuanza kwa kungoja watu, na wiki mbili za mwisho, zenye mambo ya namna ya kusikilizana na watu wa nyumbani, zilipitiwa haraka wakati ndizo wengi wetu tulizihitaji. Saa ya Alasiri nayo inawafungia nje wengi wa mwaloni. Kama angeweza kufungua kikao kingine Kibirizi kwenyewe, siku za mbalamwezi ambazo kazi imepungua, angejaza watu.

Kelele mtu anaweza kudhani ni kasoro. Jirani wa Sista anachomelea mageti, na mashine yake haina Jumamosi. Siku moja mvua ilipiga mabati mpaka sauti ya Sista ikapotea kabisa. Akanyamaza, akaonyesha sikio lake kwa kidole, tukaisikiliza mvua mpaka ikapungua. Kwangu kilikuwa kikao bora kuliko vyote, kwa sababu barazani kwangu hakuna ukimya wa kukodi: kuna pikipiki, muuza vocha, redio ya dukani, na overlock yangu mwenyewe.

Kijana wangu aliwahi kunipakulia programu ya simu ya mambo haya haya. Inaongea Kiingereza, inadai malipo kwa kadi kila mwezi, na haikuulizi Jumamosi kama umefanya. Kwa mwenye lugha na kadi huenda inatosha. Mimi nilihitaji kumwona mtu mwingine mwenye dhiki zake akifumba macho pembeni yangu.

Namba ya Sista sitaiweka hapa bila idhini yake. Anayeitaka apite barazani, aulizie Fundi. Ada inabaki ile ile kwa mzunguko ujao, na nafasi hazizidi kumi na tano. Kijana wangu wa overlock ameshajiandikisha: nusu namlipia, nusu atakatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake, na Jumamosi tutafunga wote saa kumi.